Uliza Ujibiwe: Mbona nauli ya Ijumaa kwenda Kisumu haifanani na ya Jumanne?

Mwezi huu barua nyingi zilizotufikia kutoka magharibi ya nchi na Bonde la Ufa zinahusu usafiri wa ndege: bei yake, mizigo yake, na heshima ambayo wasomaji wengi wanasema imepungua. Tumechagua barua tano. Mbili za kwanza zimepata majibu marefu, kwa kuwa maswali mengine karibu yote yanarudi kwenye mambo yaliyoelezwa humo.

Mhariri, mwaka wa 1969 nilikuwa kijana wa shule wakati kijiji chetu kilipofanya harambee ya kumpeleka binamu yangu masomoni Uingereza. Watu waliuza ng'ombe na magunia ya mahindi, kisha tukamsindikiza hadi Embakasi kwa basi la kukodi, kwaya ya kanisa ikiimba njia nzima. Juzi mjukuu wangu amepanda ndege Kisumu akaenda Nairobi kwenye harusi ya rafiki yake, akarudi Jumapili, na hakuna aliyeuza hata kuku. Je, ndege imekuwa rahisi kweli, au ni shilingi tu iliyopoteza thamani?
*Mwalimu mstaafu, Kakamega*

Mwalimu, yote mawili yametokea, ila hayana uzito sawa. Kwa kuwa shilingi imeshuka thamani, nauli ya leo ikiandikwa kwa tarakimu inaonekana kubwa kuliko ya zamani. Kipimo cha haki zaidi ni kuuliza mtu hufanya kazi siku ngapi ili apate tiketi moja, na kwa kipimo hicho safari ya ndege imeshuka bei sana tangu ulipokuwa shuleni. Nchini Marekani, ambako hesabu hizi zimewekwa kwa muda mrefu, nauli ya wastani ya safari za ndani, ukiondoa athari ya mfumuko wa bei, imepungua kwa karibu nusu tangu mwisho wa miaka ya 1970. Mwaka wa 1970 ndege za ulimwengu mzima zilibeba abiria zaidi ya milioni 300. Mwaka wa 2019, kabla ya korona kufunga viwanja, zilibeba zaidi ya bilioni 4. Idadi ya watu duniani iliongezeka kama maradufu tu katika kipindi hicho, kwa hiyo wengi wa hao ni watu ambao wazazi wao hawakuwahi kupanda ndege.

Wala kijiji chenu kisione haya kwa kuuza ng'ombe. Miaka kumi kabla ya harambee yenu, Tom Mboya alikuwa na vijana ambao vyuo vya Marekani vilikuwa tayari kuwapokea, na kilichowazuia wengi wao kilikuwa nauli. Ilibidi marafiki zake wa Marekani wapitishe bakuli: barua ya kuomba michango ilitiwa saini na mchezaji Jackie Robinson pamoja na wasanii Harry Belafonte na Sidney Poitier, na mnamo Septemba 1959 wanafunzi 81 walipelekwa New York kwa ndege moja ya kukodi. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000 ili kundi kubwa zaidi lisafiri. Ikiwa mwanasiasa mwenye marafiki wa kiwango hicho alihangaika kwa sababu ya nauli, mkulima wa Kakamega angefanya nini?

Nauli za wakati huo hazikuwa juu kwa sababu ya gharama peke yake. Mashirika ya ndege yaliunda chama chao, IATA, huko Havana mwaka wa 1945, na kwa miaka mingi yalikuwa yakikaa mezani na kukubaliana nauli za njia za kimataifa, kisha serikali zikaziidhinisha. Shirika lililotaka kuuza chini ya bei hiyo lilihesabiwa kuwa limevunja makubaliano. Kwa kuwa hayakuweza kushindana kwa bei, yalishindana kwa vinywaji, kwa sare za wahudumu na kwa chakula, hata mwaka wa 1958 ukazuka ugomvi mkubwa kuhusu mkate uliojazwa nyama: mashirika ya Marekani yalilalamika kwamba wenzao wa Ulaya walikuwa wakiwapa abiria wa daraja la chini mikate minono mno, kinyume cha kanuni. Leo abiria anayenunua chai kwa pesa zake angani huona ugomvi huo kama hadithi ya abunuwasi, lakini ulikuwa wa kweli, na unaeleza kwa nini wazee husema kwamba zamani ndege ilikuwa karamu. Karamu hiyo ilikuwa imeshalipiwa ndani ya tiketi.

Utaratibu huo ulianza kuvunjika Marekani mwaka wa 1978, bunge lilipopitisha sheria ya kuyaacha mashirika yajipangie nauli na njia za ndani. Ulaya ikafuata hatua kwa hatua hadi mwaka wa 1997. Kwetu mambo yalikwenda kwa mwendo wake. East African Airways, iliyoanza mwaka wa 1946 na kumilikiwa kwa pamoja na nchi za Afrika Mashariki, ilisambaratika mwaka wa 1977 pamoja na Jumuiya yenyewe, na Kenya Airways ikaanzishwa Januari mwaka huohuo. Kwa muda mrefu mtu wa Kisumu hakuwa na mengi ya kuchagua. Ushindani wa bei uliotikisa njia hii ulikuja karne hii, na wengi wanakumbuka Aprili 2014, Jambojet ilipoanza na nauli za kuanzia shilingi 2,850 kwenda Mombasa, Kisumu na Eldoret. Safari ya mjukuu wako ni matunda ya ushindani huo.

Ndege zenyewe nazo zimebadilika. Boeing 747, iliyoanza kubeba abiria Januari 1970, ilichukua watu zaidi ya 350 kwa safari moja, hivyo gharama ya marubani na ya kutua ikagawanywa kwa vichwa vingi zaidi. Baadaye injini zikapunguza kiu: Boeing 787, ambazo Kenya Airways ilianza kuzipokea mwaka wa 2014, hutumia mafuta pungufu kwa takriban asilimia 20 kuliko zile 767 zilizotumika kabla yake. Kwa njia fupi kama ya Kisumu, ndege ya mapanga kama Dash 8 Q400, yenye viti 78 hivi, hula mafuta kidogo kuliko jeti, ingawa wapo abiria ambao bado huidharau kwa kuwa mapanga yake yanaonekana.

Kuhusu kwaya, Mwalimu, hilo ndilo ninalolikumbuka kwa majonzi kidogo. Wasindikizaji wa zamani walipanda roshani ya uwanja wakapunga leso hadi ndege ilipopotea mawinguni, na mimi mwenyewe niliwahi kupunga leso ya mama yangu kwa ndege ambayo baadaye tuligundua haikuwa ya mjomba. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 nchini Marekani ukaguzi ulikazwa duniani kote, na asiye na tiketi sasa huagana na mwenziwe mbali na ndege, mara nyingi akiharakishwa na mlinzi ili gari lipishe.

Mhariri, mwezi uliopita nilifiwa na shangazi yangu huko Ugenya nikiwa Nairobi kikazi. Nilitafuta tiketi za Ijumaa jioni kwenda Kisumu kwa watu watatu. Nilipotazama simu mara ya kwanza nauli ilikuwa ya kuvumilika. Nilipomaliza kuwauliza wenzangu na kurudi, ilikuwa imepanda. Ndani ya ndege nikaketi kando ya kijana ambaye alilipa chini ya nusu ya nauli yangu. Kiti ni kilekile na saa ni ileile. Huu si wizi?
*Mfanyabiashara, Kondele, Kisumu*

Pole kwa msiba, ndugu yangu. Wizi si neno sahihi, ingawa naelewa kwa nini limekujia.

Shirika la ndege haliuzi viti vyote kwa bei moja. Tuchukue mfano wa kubuni wa ndege yenye viti 78: kumi vya kwanza vinawekewa bei ya shilingi 4,500, ishirini vinavyofuata 6,500, vingine thelathini 9,000, na vile vya mwisho 14,000. Anayekuja mapema huchota kwenye fungu la chini, na likiisha, mfumo humpeleka anayefuata kwenye fungu la juu yake. Kompyuta pia huangalia jinsi viti vinavyouzwa: ikiona vya Ijumaa vinakwenda haraka kuliko ilivyotarajiwa, hufunga fungu la chini kabla halijaisha. Kwa hiyo kijana aliyeketi kando yako hakupendelewa. Huenda alinunua wiki sita kabla, wakati shangazi yako alikuwa angali akipalilia shamba lake.

Ujanja huu ulishika kasi mwaka wa 1985, American Airlines iliposhindana na shirika changa la People Express lililouza tiketi kwa bei ya kutupa. Badala ya kushusha nauli zote na kufilisika, ilishusha nauli za viti ambavyo hesabu zake zilionyesha vingebaki vitupu, kwa sharti la kununua mapema, na viti vingine ikaviweka kwa ajili ya watu wa kazi na wa dharura wanaolipa zaidi. Miaka miwili baadaye People Express haikuwapo tena.

Kuna jambo moja ambalo huenda ndilo lililokupata, na watu wachache hulijua. Ukitafuta tiketi tatu kwa pamoja na fungu la bei ya chini limebakiza viti viwili, mifumo mingi hukupa vyote vitatu kwa bei ya fungu la juu, kwa kuwa hutafuta fungu linaloweza kuwatosha wote. Jaribu kutafuta tiketi moja kwanza, kisha mbili, ulinganishe. Katika safari ya watu wengi wa familia moja, zoezi hilo la dakika tano laweza kuokoa pesa za kununulia majani na sukari ya waombolezaji.

Lakini malalamiko yako yana kiini ambacho sitaki kukipita. Mpangilio huu humzawadia anayeweza kupanga na kumwadhibu asiyeweza, na katika magharibi ya Kenya safari zetu nyingi kubwa hazipangwi. Watu wa Siaya, Vihiga, Busia na Homa Bay hufanya kazi Nairobi na Mombasa na huzikwa nyumbani, mara nyingi Jumamosi. Ndiyo maana ndege za Ijumaa kwenda Kisumu hujaa suti nyeusi na vitambaa vya kichwa, na ndege za Jumapili jioni hurudi zikiwa vilevile. Kompyuta haijui kilio. Inachojua ni kwamba kila Ijumaa kuna watu watakaolipa bei yoyote, na hesabu yake ni sahihi. Enzi ya nauli moja, mfiwa na mtalii walilipa sawa, japo wote wawili walilipa ghali; leo mtalii wa Jumanne ananufaika na bei iliyoshuka, na mfiwa wa Ijumaa humsaidia kuilipa. Mashirika machache ya Marekani na Kanada yangali na punguzo la msiba kwa anayeonyesha uthibitisho. Kwa maoni yangu, mashirika yanayoruka kuja huku yangeweza kufanya vivyo hivyo bila kuumia sana, kwa kuwa hata nusu ya fungu la juu bado ni zaidi ya kiti kitupu cha Jumatano.

Kwa sasa, fanya hivi: siku ileile kamati ya mazishi inapotangaza tarehe, nunua tiketi ya kwenda na kurudi kabla ya kuanza kuhesabu michango, kwa kuwa mara nyingi tangazo hilo hutangulia maziko kwa wiki moja au zaidi. Linganisha ndege zinazoondoka uwanja wa Jomo Kenyatta na zile za Wilson. Ukiweza kusafiri Alhamisi na kurudi Jumatatu, tofauti huonekana. Na wa Bungoma au Kitale wasisahau kuangalia Eldoret.

Mwanangu, nilikwenda kumtembelea binti yangu ng'ambo. Nilimchukulia omena, unga wa wimbi na chupa ya asali. Hapa nyumbani, kwenye ndege ndogo ya kwanza, nilitozwa pesa za begi nililodhani limo ndani ya tiketi, na kwenye ukaguzi uwanja mkubwa asali ikatupwa mbele ya macho yangu. Zamani mambo hayakuwa hivi. Nani ameleta tabia hii?
*Mama wa Bungoma*

Mama, shikamoo. Tabia hizi mbili zina asili tofauti.

Ya begi ilitokana na mafuta. Katikati ya mwaka wa 2008 bei ya mafuta ghafi ilifika karibu dola 147 kwa pipa, na American Airlines ikaanza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza katika safari za ndani, wenzake wengi wakafuata. Bei ya mafuta ilishuka kabla ya mwaka kwisha. Ada haikushuka, kwa sababu mashirika yaligundua kwamba msafiri huchagua tiketi kwa kutazama nauli ya kwanza anayoiona kwenye simu, na yaliyoongezwa baadaye huyalipa huku akinung'unika. Kwa hiyo tiketi ya bei nafuu leo mara nyingi ni ya kiti na mkoba mdogo wa mkononi tu, na begi, chakula, hata kuchagua kiti cha dirishani, hununuliwa kando. Mtu asiye na mzigo amefaidika na mpango huu. Mama anayempelekea mtoto chakula cha nyumbani hajafaidika, na hilo nalisema wazi. Lipia begi mapema wakati wa kununua tiketi, maana kwa kawaida bei ya pale uwanjani ni kubwa zaidi, na lipime nyumbani kwa mzani wa duka la jirani.

Asali ilitupwa kwa sababu ya kanuni ya vimiminika iliyoenea baada ya Agosti 2006, polisi wa Uingereza walipozima njama ya kulipua ndege kwa kemikali zilizofichwa kwenye chupa za vinywaji. Tangu hapo viwanja vingi haviruhusu ndani ya ndege chombo chochote cha kimiminika kinachozidi mililita 100, na kwa mkaguzi asali, samli na mursik ni vimiminika. Viweke kwenye begi linalokwenda chini. Unga na omena havihusiki na kanuni hiyo, lakini uliza kwanza nchi uendako inaruhusu vyakula gani kuingia. Na omena, tafadhali, ifungwe mara tatu, kwa ajili ya amani ya abiria wenzako.

Mhariri, sisi wa Nakuru tunafaidika nini na nauli hizi nafuu?
*Msomaji, Nakuru*

Si mengi, kwa safari za ndani. Ndege hula mafuta mengi zaidi inapopaa, na ada za kutua hazipungui kwa sababu safari ilikuwa fupi, hivyo kuruka dakika ishirini na tano kwenda Nairobi kungegharimu karibu sawa na kuruka hadi Kisumu, na bado ungefika uwanjani saa nzima kabla. Ukitaka kwenda Mombasa au ng'ambo, hesabu nauli ya matatu au gari hadi Nairobi kama sehemu ya tiketi. Wengi husahau na kudhani wamepata bei ya chini. Kama ni faraja, kaunti yako iliwahi kuwa na kituo cha ndege za kutoka Uingereza: mwishoni mwa miaka ya 1940 ndege za kutua majini za BOAC, shirika la Uingereza, zikielekea Afrika Kusini, zilikuwa zikishuka katika Ziwa Naivasha.

Babu yangu husema kwamba ndege kutoka London zilikuwa zikitua ndani ya ziwa hapa Kisumu. Wenzangu wananicheka. Ni kweli?
*Mwanafunzi wa sekondari, Kisumu*

Waambie wenzako wakuombe radhi. Mnamo Februari 1931 shirika la Uingereza la Imperial Airways lilifungua njia ya kutoka London hadi Mwanza, na kutoka Khartoum kuja kusini ilitumiwa ndege iliyojengwa kama mashua, ambayo ilitua majini hapa Kisumu. Mwanzoni shehena yake kubwa ilikuwa barua. Mwaka uliofuata njia ilirefushwa hadi Cape Town, safari ya siku 11 hivi, kwa kuwa ndege hazikuruka usiku na abiria walilala hotelini kila jioni. Kuanzia mwaka wa 1937 zilikuja ndege kubwa zaidi za aina hiyo, zilizopitia Kisumu zikielekea Mombasa na kusini hadi Durban. Waliozipanda walikuwa maofisa wa serikali ya kikoloni, matajiri na wafanyabiashara wakubwa; wavuvi wa hapa walizitazama kutoka kwenye ngalawa zao.

Babu yako anaweza kukuongezea jambo moja la kuwashangaza zaidi wenzako. Wakati ule, ndege iliyotoka Kisumu ilifuata ziwa moja kwa moja hadi Mwanza. Leo uwanja wa Kisumu una jina la kimataifa, baada ya ukarabati wa mwanzoni mwa miaka ya 2010, na nchi za Afrika zilikubaliana huko Yamoussoukro, Côte d'Ivoire, mwaka wa 1999 kufunguliana anga, kisha zikazindua soko moja la usafiri wa anga Januari 2018. Hata hivyo, msafiri wa ndege anayetaka kuvuka kutoka Kisumu hadi Mwanza kwa kawaida huanza kwa kupelekwa Nairobi.